Wanyapara wasitumiwe kupeleleza wafanyakazi



Kuna jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi. Jambo lenyewe ni wanyapara na wasimamizi wadogo wa kazi, na namna wanavyotumiwa pale wafanyakazi wanapoanza kujiandikisha katika chama chao.

Kila Mei Mosi husikiliza hotuba redioni. Viongozi wa vyama husema juu ya mishahara, waajiri husema juu ya uzalishaji, na Serikali husema juu ya sheria. Wote husema vizuri. Lakini sijapata kumsikia hata mmoja akimtaja mtu yule anayesimama shambani saa kumi na mbili asubuhi akiwa na daftari mkononi, anayeita majina, anayehesabu mafungu, na anayeamua nani apewe ngwe ipi leo. Kwa mkata mkonge, mtu huyo ndiye mwajiri. Meneja anaweza kupita mara moja kwa wiki akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Mnyapara yupo kila siku.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilichopakana na mashamba ya mkonge, Mkoa wa Tanga. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wakata mkonge na wa wafanyakazi wa kiwandani. Mimi mwenyewe nimezaliwa kambini. Babu yangu aliletwa na SILABU, lile shirika la kuandikisha manamba enzi za Mwingereza, kutoka Kigoma, wala hakurudi tena kwao. Baba yangu alianza kukata mkonge akiwa kijana, baadaye akafanywa mnyapara. Siku hizi wanaitwa masupavaiza, lakini huku kambini jina ni lile lile. Kwa hiyo ninaposema habari ya wanyapara, nasema habari za nyumbani kwetu.

Mwaka 2008 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nangoja kwenda chuo cha ualimu. Mwaka huo alikuja bwana mmoja wa chama cha wafanyakazi, na pikipiki yake, akitaka kuandikisha wanachama katika shamba letu. Hakuruhusiwa kuingia getini. Akaweka mkutano wake chini ya mwembe, ng'ambo ya barabara, siku ya Jumapili. Watu walikwenda, wengine kwa kujificha, wengine kwa kusingizia kwamba wanapita kwenda sokoni.

Siku ya pili yake meneja aliwaita wanyapara wote. Aliwaambia kwamba wao si kama wale wengine, wao ni upande wa uongozi wa shamba, na kwamba uongozi ungependa kujua ni nani waliokwenda chini ya mwembe. Kila mnyapara alipewa daftari jipya la shule, la kurasa 32. Baba alirudi nalo jioni. Yeye alisoma katika elimu ya watu wazima, na mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa kupanda mlima. Akaniita, "Mama, hebu njoo uniandikie hapa vizuri. Mwandiko wangu huu bwana meneja haupendi."

Basi mimi ndiye niliyeandika. Baba alikuwa anataja, mimi naandika, kwa mwandiko wa kuunganisha tuliofundishwa shuleni. Yalikuwa majina 17. Nilimuuliza baba majina hayo ni ya nini. Alinijibu kwamba ni ya kazi. Sikuuliza zaidi. Labda niliogopa kuuliza zaidi, maana wengi wa watu hao nilikuwa nawaamkia shikamoo kila siku.

Sasa ningependa wasomaji waelewe kilichofuata, kwa kuwa watu wengi wanadhani kumwonea mfanyakazi ni lazima afukuzwe kwa barua. Hakuna hata mmoja katika wale 17 aliyepewa barua. Kuna waliopewa ngwe za kule mlimani, ambako mkonge umezeeka, majani ni mafupi na kichaka kimeota katikati ya mistari. Mkata mkonge hulipwa kwa kazi aliyomaliza. Fungu moja ni majani 30, na katika ngwe kama hiyo mtu anaweza kukata mpaka jua la saa tisa bila kutimiza hesabu yake. Kuna wale ambao mafungu yao yalianza kukataliwa, eti hayakufungwa sawasawa. Na kuna wale wa msimu ambao majina yao hayakuitwa tena ilipofika siku ya kuandikwa upya. Mtu akiuliza anaambiwa nafasi zimejaa. Familia mbili zilihama kambini kwa namna hiyo. Mmoja wa watoto wao alikuwa darasa la sita na hakumaliza.

Haya yote yalifanywa na mnyapara, kwa mkono wa mnyapara, na mwajiri hakuonekana popote. Hapo ndipo ilipo hatari ya mpango huu. Ukimshtaki meneja, meneja atasema yeye hajui habari za ngwe, hiyo ni kazi ya wasimamizi. Ukimshtaki mnyapara, mnyapara atasema ngwe ni ngwe, lazima mtu fulani aikate.

Zamani kazi hii ya kupeleleza wanachama haikuwapo kwa namna hii. Baba anasimulia kwamba wakati wa NUTA, chama kilichoundwa mwaka 1964 baada ya vyama vingine vyote kuvunjwa, na hata wakati wa JUWATA, hapakuwa na haja ya mtu kwenda chini ya mwembe. Chama kilikuwa kimoja kwa nchi nzima na ada ilikatwa kwenye mshahara. Wanyapara waligombana na wafanyakazi kwa mambo mengine, kama matusi na majivuno, na baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 wafanyakazi wa mijini walifikia hata kuwagomea mameneja kwa sababu hiyo. Lakini nani amejiandikisha na nani hakujiandikisha halikuwa swali.

Swali hilo limekuja na uhuru wa kuchagua. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 1998 iliruhusu vyama vingi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 ikasema kwamba chama kitakachokuwa na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi mahali pa kazi ndicho kitakachozungumza na mwajiri kwa niaba ya wote. Hili ni jambo zuri, sina ugomvi nalo. Ila tangu hapo vichwa vinahesabiwa. Shamba likiwa na wafanyakazi 200, chama kinahitaji 101. Mwajiri asiyekitaka anachohitaji ni kuwatia hofu watu wachache tu wa katikati wasiojiamini. Na nani anawajua watu hao kuliko mnyapara, anayejua nani ana deni dukani, nani ana mgonjwa, nani anategemea nyumba ya kambi?

Kwa muda mrefu nilidhani baba alikuwa hana la kufanya. Nilidhani sheria ndiyo iliyomweka upande ule. Mpaka mtoto wa kaka yangu, anayesoma sheria Chuo Kikuu cha Mzumbe, alipokuja likizo, nikamsimulia habari hii, naye akanifungulia sheria yenyewe katika simu yake na kunieleza kifungu kwa kifungu.

Sheria ile inasema kila mfanyakazi ana haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Halafu inawaweka kando viongozi wa juu wa menejimenti, kwamba hao wasiwe katika chama kimoja na wafanyakazi walio chini yao. Lakini inaeleza pia kiongozi wa juu ni nani. Ni yule ambaye kwa cheo chake anatunga sera kwa niaba ya mwajiri, na ambaye amepewa madaraka ya kufunga mikataba ya pamoja na chama. Nilicheka, ingawa si jambo la kuchekesha. Baba yangu alitunga sera gani? Sera aliyowahi kutunga ni kwamba panga linolewe kabla ya kutoka nyumbani. Aliishi kambini, chumba kimoja na ukumbi, alitumia choo kile kile, na mshahara wake ulizidi ule wa mkataji kwa kiasi cha kununulia sukari. Kumbe siku ile ya mwembe, mbele ya sheria, baba alikuwa mfanyakazi kama wale 17. Angeweza kwenda, akajaza fomu, jina la 18 likawa lake mwenyewe.

Hakuna aliyemwambia. Meneja asingemwambia, hilo tunalielewa. Lakini hata yule bwana wa chama hakumwambia. Alimpita baba barabarani kama mtu anavyolipita shimo. Hapa ndipo ninapokilaumu chama pia, ijapokuwa nakiunga mkono. Maofisa wa vyama wakija shambani huwahesabu wanyapara kuwa maadui tangu siku ya kwanza, na mtu ukishamhesabu adui, mwenye mali hana haja ya kutumia nguvu nyingi kumchukua.

Tena sheria inampa mwakilishi wa chama kilichoandikishwa haki ya kuingia mahali pa kazi kuandikisha wanachama na kufanya mikutano, kwa masharti ya kawaida ya wakati na mahali ili kazi isiharibike. Hapakuwa na sababu ya watu kukutana ng'ambo ya barabara kama wezi. Kwa kuwa walikutana kama wezi, wanyapara nao waliona ni halali kuwaandika kama wezi.

Yule kijana alinieleza pia jambo la Marekani ambalo nataka wasomaji walijue, maana kuna waajiri wanaoiga mambo ya huko bila kutazama kama sheria yetu inafanana na yao. Kule, mwaka 1941, wanyapara wa viwanda vya magari mjini Detroit waliunda chama chao wenyewe. Waajiri walipinga. Shauri likafika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na mwezi Machi 1947 mahakama ikaamua kwamba mnyapara naye ni mfanyakazi na ana haki ya kuwa na chama. Haikupita hata miezi minne. Mwezi Juni mwaka huo huo Bunge lao lilipitisha sheria inayoitwa Taft-Hartley, Rais Truman akaikataa, Bunge likaipitisha tena juu ya kichwa chake, na sheria hiyo ikamtoa mnyapara katika hesabu ya wafanyakazi. Tangu hapo mwajiri wa Marekani anaweza kumwamuru msimamizi wake awaendee wafanyakazi mmoja mmoja na kuwashawishi wasikichague chama, na msimamizi akikataa kufanya kampeni hiyo anaweza kupoteza kazi.

Huko wapo hata wataalamu wa kukodishwa wanaowafundisha wasimamizi. Huwafundisha kwamba kuna mambo manne yaliyokatazwa: kutisha, kuhoji, kuahidi na kupeleleza. Halafu huwafundisha namna ya kusema yote mengine mpaka ukingoni mwa hayo manne. Tangu mwaka 2006 hata baadhi ya wauguzi wa hospitali, wale wanaowapangia wenzao zamu na wagonjwa, wameweza kuhesabiwa kuwa wasimamizi na kukosa kinga ya sheria hiyo. Muuguzi anayebadilisha shuka leo anaambiwa ni upande wa tajiri.

Sisi hatukupitisha sheria ya namna hiyo. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 98 tangu mwaka 1962, na ule Na. 87 wa uhuru wa kujiunga na vyama mwaka 2000. Basi meneja wa Tanzania anayemwambia mnyapara kwamba yeye ni upande wa uongozi, na kwa hiyo lazima apige vita chama, anatumia sheria ya watu wengine ambayo huku haipo.

Najua kuna wasomaji watakaonipinga. Watasema, ukimwingiza mnyapara katika chama atapeleka siri kwa meneja. Hoja hii siidharau, maana nimekwisha eleza yaliyotokea nyumbani kwetu. Mkata mkonge atasemaje wazi katika kikao cha tawi ikiwa mtu atakayempa ngwe kesho ameketi benchi la mbele? Nimelifikiria jambo hili sana, na maoni yangu ni kwamba mnyapara awe mwanachama, lakini asiwe mwakilishi wala kiongozi wa tawi katika gengi analolisimamia. Wawakilishi wa chama ndio wanaosimama na mfanyakazi anapoitwa katika kikao cha nidhamu. Sasa mnyapara aliyemshtaki mtu kwa kukata majani mabichi atamtetea mtu huyo huyo saa ngapi? Sheria imetoa nafasi za kutosha. Tawi lenye wanachama 10 hadi 20 lina wawakilishi watatu, na likizidi 100 lina 15, ambao angalau watano kati yao huwakilisha wafanyakazi wanawake kama wapo. Haiwezekani katika watu 100 wakakosekana 15 wasio wanyapara.

Na wanyapara wenyewe, kama wakiwa wengi, wawe na kikao chao ndani ya chama hicho hicho, wazungumze matatizo yao. Wanayo. Mnyapara hulaumiwa na walio juu kwa kazi kutotimia na hulaumiwa na walio chini kwa kazi kuwa kubwa, na kiwango hicho cha kazi hakukipanga yeye.

Sisi walimu tusijione tumepona. Mwalimu mkuu wa shule ni msimamizi wetu, anasaini ruhusa zetu, anapeleka taarifa zetu juu, na bado ni mwanachama mwenzetu katika chama, jambo ambalo mimi naliona ni sawa. Lakini siku hizi walimu nao wana zaidi ya chama kimoja cha kuchagua. Katika shule moja niliyopata kufundisha, mwenzangu alitaka kuhama chama. Sheria inamruhusu kuondoa idhini ya makato kwa kutoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Barua yake ilipitia kwa mwalimu mkuu, ikalala kwenye droo. Alipofuatilia aliulizwa kwa nini anataka kuleta mgawanyiko shuleni, na kama amesahau kwamba ameomba uhamisho. Mwalimu mkuu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu kwamba huko wilayani wataona shule yake ina matata. Ni daftari lile lile la kurasa 32, isipokuwa hapa limo ndani ya droo. Mwenzangu aliiacha habari ya kuhama chama, na uhamisho nao hakuupata.

Nirudi kwa baba. Mwaka 2012 shamba lilipunguza wasimamizi, naye akapunguzwa. Hakuwa na chama. Hesabu ya miaka yake ya kazi ilikuwa pungufu, kwa sababu miaka ya mwanzo ya kukata mkonge haikuandikwa. Alikwenda kwa meneja mara nyingi kwa adabu, kama alivyozoea, akaambiwa aje wiki ijayo, na ijayo. Alipofika katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi aliambiwa shauri la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na siku hizo zilikuwa zimekwisha. Angeweza kuomba aongezewe muda kwa kueleza sababu za kuchelewa, lakini hakujua aeleze vipi, wala hapakuwa na mtu wa kumwandikia. Tume siilaumu, ndivyo kanuni ilivyo. Nasema tu kwamba mkataji yeyote mwenye kadi ya chama katika shamba la jirani alikuwa anajua habari ya siku 30, kwa kuwa katibu wa tawi aliwaambia. Mnyapara hakuijua.

Baba yu hai. Barua hii nimemsomea kabla ya kuituma. Ameomba nisilitaje jina lake, na ameomba niseme kwamba hakupewa hata shilingi kwa yale majina 17. Nimesema.

Waajiri wema wapo, na wengi wao hawatumii njia hizi. Mwajiri ana haki ya kuwa na maoni yake juu ya chama. Akitaka kuyasema, ayasema mwenyewe, mchana, mbele ya watu, na mwakilishi wa chama awepo ajibu. Asimtume mnyapara kwenda nyumba kwa nyumba usiku kuuliza nani amejaza fomu. Kazi ya msimamizi ni kusimamia kazi. Aandike mafungu, aandike waliofika na wasiofika, aandike panga lililopotea. Habari ya fomu ya chama ni kati ya mfanyakazi, chama na ofisi inayokata ada.

Kwa vyama nina ombi ambalo si la fedha nyingi. Ofisa akifika shambani, kabla hajakwenda chini ya mwembe, apite kwanza kwa wanyapara. Awaambie wazi kwamba nao wanaruhusiwa kujiunga, na awaambie pia kwamba kumnyima mtu kazi au kumbagua kwa sababu ya chama ni kosa kwa sheria, hata kama ameamriwa. Wengine watamfukuza. Wengine hawatamfukuza. Kama angepatikana hata mmoja kati ya watano, meneja asingejua tena daftari lipi aliamini.

Na kwa Wizara inayohusika na kazi, naomba tuulizane jambo moja. Sheria ile ile ya mwaka 2004 inamtaka kila mwajiri abandike tangazo la haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Nimeishi kambini tangu kuzaliwa, na sasa naishi nje kidogo ya kambi, lakini tangazo hilo sijaliona ukutani. Nimeona tangazo la kukataza kuchunga mbuzi, na tangazo la kukataza kuni. Mwaka 2021 Bunge liliamua kwamba lugha ya sheria na ya mahakama zetu iwe Kiswahili. Basi maofisa kazi wanapokuja kukagua, wakague na ukuta, na tangazo liwe la Kiswahili cha kueleweka, lenye kusema kwa maneno mepesi kwamba msimamizi mdogo naye anahesabiwa.

Katika darasa langu mwaka huu ninaye mtoto ambaye babu yake alikuwa namba tisa katika orodha ile. Ni mtoto mwenye akili, hasa katika hesabu. Kila asubuhi nikiita mahudhurio nalisoma jina la ukoo wao kwa mwandiko wangu mwenyewe. Babu yake nimekwenda kumwona, mwezi wa Februari, nikamweleza nani aliandika. Alikaa kimya, kisha akasema alikuwa anajua siku nyingi, kwa sababu meneja alimwonyesha daftari, na katika kambi nzima hapakuwa na mwandiko mwingine kama ule.

Tangazo hilo la haki za wafanyakazi nitalibandika mimi mwenyewe kwenye ubao wa shule, upande wa barabarani ambako wanyapara hupita wakienda gwaride la asubuhi, mara tu nikipata nakala yake. Kama kuna ofisa kazi au kiongozi wa chama anayesoma gazeti hili na anayo, namwomba anitumie kwa kupitia ofisi ya Ofisa Elimu wa Wilaya.

Mwalimu wa Kijijini,
Mkoa wa Tanga.